Imla ya Ijumaa haifundishi tahajia: tumsaidieje mtoto wa Darasa la II hadi la IV?

KalamuNyekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa walimu wa madarasa ya chini na wazazi wanaokagua madaftari jioni.

Shule nyingi tahajia inafundishwa hivi: Ijumaa mwalimu anasoma maneno kumi, watoto wanaandika, madaftari yanakusanywa, yanarudi na 4/10 au 7/10, kisha kila neno lililokosewa linaandikwa mara tano. Wiki inayofuata neno lilelile linakosewa kwenye insha na lawama zote zinamwangukia mtoto: mvivu, hana makini. Kasoro iko kwenye njia. Kusoma maneno kumi na kuyatolea alama ni kupima. Kufundisha bado hakujafanyika.

Tazameni sentensi hii, ya aina inayojaa kwenye madaftari ya Darasa la III:

*Jana nili enda sokoni na mama kununuwa mchere na ndizi kwasababu uyu mtoto ana umwa akakata kura.*

Makosa manane. Ukiyahesabu kwa vyanzo vyake yanabaki matano. "Nili enda", "ana umwa" na "kwasababu" ni kutojua neno linaanzia wapi na linaishia wapi. "Mchere" na "kura" ni sikio na ulimi kutotenga l na r. "Uyu" ni h iliyodondoka kwenye matamshi ikadondoka na kwenye maandishi. "Kununuwa" ni w inayosikika kweli mdomo ukitoka kwenye u kwenda a, ila haiandikwi. "Akakata" ni irabu mbili zilizosikiwa kama moja. Na mjue "akakata" na "kura" ni maneno halali ya Kiswahili, kwa hiyo mtoto akijisomea alichoandika haoni kasoro yoyote.

Ukimwambia "makosa 8, rudia", ataandika "akakataa" mara tano kwa kunakili, na sikio lake litabaki halijahesabu silabi ya mwisho. Kiswahili kina herufi 24, irabu tano, na karibu kila sauti ina namna moja ya kuandikwa. Mtoto hakosei ovyo, anakosea kwenye mitego michache inayojulikana. Naomba tuweke hapa njia ya kila mtego, yenye hatua, si nadharia.

---

chaki_na_kibao

Mkuu umegusa penyewe. Kabla ya dawa, kipimo. Wiki ya pili ya muhula toa maneno 20 na sentensi tatu, kwa siku mbili, maneno kumi kila siku, maana mkono wa mtoto wa miaka minane ukichoka unazaa makosa mapya ambayo si ya tahajia. Seti inayotosha:

l na r: kalamu, mahali, barua, ruhusa.
th, dh, gh: fedha, thelathini, lugha, dhahabu.
h: huyu, hapa, asubuhi, amani. ("Amani" na "asubuhi" zimo ili umnase anayeongeza h mbele: "hamani", "hasubuhi".)
Irabu mbili: kataa, msaada, jogoo, kaanga.
w na y za kuchomeka: chukua, sikia, kuua, tayari. ("Tayari" ina y yake halali. Aliyekaripiwa sana kuhusu "sikiya" huanza kuandika "taari".)
Mipaka ya maneno: *Hatutaki kelele kwa sababu mtoto amelala. Kila mtu atakuja na daftari lake. Wanacheza mpira hadi jioni.*

Chora jedwali: majina kushuka chini, safu sita. Kila kosa kijistari kwenye safu yake, hata kama neno moja lina makosa mawili ya aina tofauti. Mwenye vijistari vitatu au zaidi kwenye safu moja anahitaji somo la safu hiyo. Safu ikigusa zaidi ya nusu ya darasa, fundisha darasa zima. Ikigusa watoto sita, hao sita wakae nawe dakika kumi wakati wenzao wanasoma hadithi.

Kusoma nako kuna adabu yake. Soma neno, lisome ndani ya sentensi fupi, lisome tena, nyamaza hesabu ishirini. Usivute: ukisema "kataaaa" huku unamtazama mtoto umeshampa jibu. Na usisome kwa silabi, "ka, ta, a". Mwalimu anayesoma "a… na… so… ma" asishangae kupata "ana soma".

---

Mzee_wa_Imla

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha uzi. Imla haina kosa. Kosa ni kumpa mtoto imla ya maneno ambayo hajayaona wala kuyachambua. Hiyo ni sawa na kumpa mtihani wa sura ambayo hamjaifungua.

Imla iliyoandaliwa inakwenda hivi. Jumatatu andika ubaoni kifungu cha maneno 25 hadi 30, kitoke kwenye kitabu wanachosoma wiki hiyo. Watoto wasome kwa sauti, kisha wao wenyewe watafute maneno yenye mtego, yasizidi matano, wayapigie mstari na waseme mtego uko wapi: "hapa kuna a mbili", "hapa kwa na sababu zimeachana". Jumanne kifungu hakipo ubaoni, yapo matano tu. Wayaandike, wafunike, waandike tena. Jumatano unasoma kifungu chenye mapengo matano, wajaze. Alhamisi unasoma kifungu kizima. Ijumaa hakuna imla mpya: unasoma sentensi mbili zilizotungwa upya zenye maneno yaleyale, pamoja na maneno matatu ya wiki tatu zilizopita. Ni dakika 12 kwa siku, zisivuke 15.

Ijumaa ndiyo siri ya mpango. Mtoto anaweza kukariri kifungu kama shairi akakiandika bila kosa Alhamisi. Maneno yakihamia kwenye sentensi mpya ndipo unajua yamekaa kichwani au yamekaa kwenye wimbo.

Na imla ya sentensi ina faida ambayo maneno pwekepweke hayana. Kituo, mkato, herufi kubwa na mipaka ya maneno vyote vinafundishwa humo. "Kwasababu" huwezi kuikamata kwenye orodha ya maneno kumi.

---

KalamuNyekundu

Mzee, nimekuelewa na nakubali. Nilichokataa ni ile ya kushtukiza. Niulize: kifungu cha maneno 25 kwa Darasa la II si kirefu?

---

Mzee_wa_Imla

Kirefu. Darasa la II muhula wa kwanza sentensi mbili za maneno manne hadi matano zinatosha, mtego mmoja kwa wiki. Ukichanganya l/r na irabu mbili wiki moja hawashiki hata kimoja.

---

silabi_kwa_silabi

Nijikite kwenye mipaka ya maneno, maana ndiyo safu inayojaa vijistari kuliko zote na ndiyo isiyofundishwa.

Chanzo chake ni chema. Watoto wanajifunza kusoma kwa sauti na silabi, na mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa Darasa la I na II ulioanza kutumika Tanzania 2015 uliweka mkazo huko. Ni sawa kabisa, Kiswahili kinasomeka kwa silabi. Tatizo ni hatua inayorukwa baadaye. Mtoto amezoea kuona a-na-so-ma imekatwa ubaoni kwa vistari, na hakuna siku aliyooneshwa waziwazi kwamba vistari vile vilikuwa ngazi ya kupandia, na kwamba kwenye daftari mkono hauinuki hadi neno liishe. Anainua kalamu pale anapovuta pumzi: "nili enda", "ha tutaki", "wana cheza".

Kumwambia "nili haijitegemei" hakumfikii mtoto wa miaka minane. Mpe jaribio la kuchomeka neno. Chukua pahala unapotaka kuacha nafasi, uliza: naweza kuchomeka hapa neno zima linalosimama peke yake? "Kwa … sababu": naweza kusema "kwa hiyo sababu". Limeingia, basi nafasi ipo. "Ana … soma": "ana kitabu soma"? "ana leo soma"? Halikubali, basi hakuna nafasi. "Kila … mtu": "kila mwema mtu" haisemeki vizuri, ila "kila mtoto", "kila siku", "kila nyumba" zinaonesha kila inahama peke yake, kwa hiyo ni neno. Majaribio mawili, kuchomeka na kuhamisha, yanamaliza sehemu kubwa ya kesi. Mtoto mjanja atakwambia "anakisoma" imechomekwa ki. Mpongeze, kisha muulize: ki inasimama peke yake? Umewahi kumwita mtu ukasema "ki" ukanyamaza? Basi si neno, ni kiungo cha ndani.

Zoezi lenyewe lifanyike kwa miili yao. Kadi nane za silabi: *a, na, so, ma, ki, ta, bu*, na nyingine yenye nukta. Watoto wanane mbele. Walio ndani ya neno moja washikane mikono kabisa, bega kwa bega. Kati ya neno na neno iachwe hatua moja ya mguu. A-na-so-ma wanashikana, hatua, ki-ta-bu wanashikana, nukta mwishoni. Kisha mwambie aliyeshika *a* aondoke, aje mwenye *wa*. Darasa linaona neno zima limebadilika maana bila mkono kuachiwa. Siku ya pili fanya "kwa sababu" na "kwa hiyo". Watoto watataka kushikana pale katikati, na hapo ndipo unauliza swali la kuchomeka.

Kwenye daftari, wiki mbili za mwanzo waweke kidole cha mkono wa kushoto kwenye nafasi kabla ya kuanza neno jipya. Wanaotumia mkono wa kushoto kuandika kidole kitawasumbua, wape njiti ya kiberiti.

---

Mama_Darasani

Uzi mzuri sana. Kwenye irabu mbili naongezea kupiga makofi, lakini kwa masharti.

Kata: ka-ta, makofi mawili. Kataa: ka-ta-a, matatu. Fuata na jozi: kufa na kufaa, kupa na kupaa, kanga na kaanga, kuwa na kuua. Sharti la kwanza, mwalimu atamke neno kwa kasi ya kawaida, na mtoto ndiye apige makofi. Mwalimu akipiga, watoto wanaiga mikono bila kusikiliza. La pili, waambie mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: KAta, lakini kaTAa. Hata asiyesikia a ya tatu anasikia sauti imepanda pahala tofauti, na huo ndio ushahidi wake.

Baada ya makofi, visanduku. Chora visanduku vitatu kwa mstari, kila kofi kisanduku, kila kisanduku kiandikwe silabi. Kisanduku cha tatu kikibaki kitupu mtoto mwenyewe anaona kuna kitu hajakiandika.

Mtego ndani ya zoezi: watoto wataanza kuamini kila kofi lina irabu. Halafu wanakutana na mtu, mbwa, mbu, nchi, nne. M-tu ni makofi mawili, irabu moja, ndiyo maana wengine wanaandika "mutu" na "inchi". Waoneshe mapema kwamba m na n zinaweza kubeba kofi peke yao. Hali kadhalika daktari, labda, askari, hospitali: dak-ta-ri ni makofi matatu, hakuna kofi la "ki", na kwenye "labda" hakuna kofi la "bu". Sikio lililozoea silabi zinazoishia kwa irabu huongeza irabu palipo na konsonanti mbili, kwa hiyo "dakitari" na "labuda" si uzembe.

---

Ziwa_Magharibi

Nije kwenye l na r, maana huku kwetu ndiko nyumbani kwake. Watoto wengi lugha ya kwanza waliyoisikia haitengi sauti hizi mbili, au inazitumia kwa zamu kutegemea irabu ya jirani. Kumkaripia hakumwongezei sikio. Hatua zinazoenda:

Kwanza asikie, asiandike. Mtoto afumbe macho, wewe sema jozi: kula–kura, mahali–mahari, kalamu–karamu, fahali–fahari. Wakati mwingine rudia neno moja mara mbili: kula–kula. Ainue mkono zikiwa tofauti tu. Jozi kumi, kila siku, siku tano. Asiyepata nane kati ya kumi usimpeleke kwenye kutamka.

Pili ulimi. Kwenye l ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu *inabaki*, hewa inatoka pembeni. Unaweza kuivuta: llll. Kwenye r ncha inagonga na kuachia upesi. Mtoto ashike kioo au akae uso kwa uso na mwenzake.

Tatu ndipo aandike, kwa kuchagua, siyo kwa kutunga: "Baba amelipa (mahali/mahari)". "Mama ameandaa (kalamu/karamu)". Maana inamlazimisha kufikiri.

Wengi wanaanza na hatua ya tatu, na pale ndipo kazi inapokwama.

---

koo_za_maneno

Mkuu Ziwa_Magharibi, heshima kwako, ila tusimsubirishe mtoto tahajia mpaka ulimi ukae sawa. Wapo watu wazima wanaotamka "zambi" maisha yao yote na wanaandika "dhambi" bila kukosea. Hawakuandika kwa sikio, waliandika kwa kumbukumbu ya neno na ndugu zake. Njia hiyo nayo ifundishwe, hasa kwa th, dh na gh, ambazo zimekuja na maneno ya Kiarabu na hazimo kwenye lugha nyingi za nyumbani bara.

Mfano mzito kuliko yote ni huu: thamani, dhamana, zamani, samani. Kwa mtoto asiyetenga th na s, wala dh na z, zote zinasikika kama ndugu wa tumbo moja. Makofi hayatamsaidia, kioo kitamsaidia nusu. Mpangie koo. Ukoo wa *thamani*: thamini, tathmini, mthamini. Ukoo wa *dhamana*: dhamini, mdhamini, udhamini. Karatasi moja ya manila ukutani, koo mbili kwa wiki, mtoto akikutana na neno jipya kwenye kitabu analipeleka kwenye ukoo wake. Vivyo hivyo *rithi* (urithi, mrithi) na *ridhi* (ridhika, radhi, maridhiano), *dhuru* (madhara) na *zuru* (ziara).

Onyo moja. Usitundike ukutani neno lililokosewa hata kwa kulifuta kwa X. Jicho la mtoto linahifadhi kilichoandikwa kikubwa, halihifadhi X.

Na msifundishe dh kwa sifa nyingi mno. Mtoto akiona dh inampatia makofi ataipeleka kila mahali: "dhiwa", "dhawadi". Kila mkiorodhesha maneno matano ya dh, yawepo matano ya z ya kweli kando yake: ziwa, zawadi, zamani, zuri, mzee.

---

Ziwa_Magharibi

Nimekupata. Tuseme hivi: l na r kwa sikio kwanza, kwa sababu zimo kwenye maneno mengi mno kuyakariri. Th, dh, gh kwa ukoo kwanza, kwa sababu maneno yake ya shule ya msingi yanahesabika.

---

Gredi_ya_Tatu_KE

Walimu wenzangu, salamu kutoka Kenya. Jedwali la safu sita ni zuri ila huku liongezeni safu mbili kulingana na lugha ya eneo. Watoto wa Kikuyu huchanganya ch na sh, "shakula" na "shai", na hupachika au kudondosha m na n mbele ya b, d, g: "ndada", "gombe". Wajaluo: sh inakuwa s, "samba", "sule". Wakalenjin: b na p, g na k, d na t. Kwa hao wa mwisho zoezi la koo la shingo linafaa: weka vidole kooni, sema b, koo linatetemeka, sema p, kimya. Darasa la mjini lenye lugha tano linahitaji jedwali la darasa hilo, wala usinakili la shule jirani.

Na mtoto wa Mombasa mnaweza kumdhulumu bila kujua. Akiandika "nti" kwa nchi au "ndoo" kwa njoo, ameandika Kimvita chake sawasawa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha maandishi, na kamati ya lugha iliyoanza 1930 ikaendeleza kazi ya usanifishaji. Kwa hiyo mwambie "nyumbani twasema nti, daftarini twaandika nchi", safu mbili kwenye ukurasa mmoja, na usiweke kalamu nyekundu kwenye ile ya nyumbani.

---

mzazi_wa_dkk10

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Nyumbani tufanye nini na muda ni mchache?

---

chaki_na_kibao

Dakika kumi zinatosha, siku nne za wiki. Maneno matano, yatoke kwenye makosa ya daftari lake mwenyewe.

Kunja karatasi mara mbili kwa urefu upate safu nne. Safu ya kwanza uandike wewe maneno matano, mwandiko safi. Kisha kwa kila neno: *atazame* na akuoneshe mtego kwa kidole, *atamke* na kupiga makofi, *afunike* kwa kukunja safu ya kwanza nyuma, *aandike* neno zima bila kuinua kalamu, *akague* herufi kwa herufi kwa kufunua. Akipatia, safu inayofuata anaandika tena baada ya kufanya neno jingine katikati. Akikosea, asiandike mara tano. Aweke duara kwenye herufi iliyokosewa tu, aseme sababu, arudie hatua zote mara moja.

Panapoharibika ni kufunika. Mtoto akiona neno analinakili herufi moja moja, na kunakili hakuachi kitu. Akichungulia katikati, neno hilo linaanza upya. Pasipo kugombana.

---

Mkondo_B_watoto_94

Yote haya mazuri. Watoto 94, dakika 40, kalamu moja kwa wawili. Nielekezeni.

---

Mama_Darasani

Mwalimu, pole na kazi. Vizibo vya soda. Seti moja kwa watoto wawili, vizibo 50: a tano, u nne, i, e na o tatutatu, k, m, n, t, l, b mbilimbili, w, y, r, s, h, d, g, z, j, p, f, v kimoja kimoja, kisha ch, sh, th, dh, gh, ny, ng' kila moja kwenye kizibo chake, ili waelewe kuwa herufi mbili zinaandika sauti moja. Hivyo ni 49. Cha 50 kiache kitupu, ndicho nafasi kati ya maneno. Wewe unasema "akakataa", wawili wanapanga, unapita katikati ya safu unaona makosa kabla hayajaandikwa daftarini. Hakuna kalamu iliyotumika. Seti inatosha neno hilo, ina a tano na k mbili. Chagua maneno yanayowezekana, "kelele" itaenda, "nyanya" itakwama.

Madaftari usikusanye yote. Sahihisha safu mbili za madawati kwa siku, kila mtoto unamfikia mara moja kwa wiki. Wengine wabadilishane wakague kwa neno lililo ubaoni, mkaguzi aandike idadi ya silabi zilizopatikana badala ya pata au kosa. Aliyeandika "kata" kwa kataa ana 2/3. Ameona amekaribia, na ameona kilichobaki.

---

KalamuNyekundu

Hapo kwenye kusahihisha niongeze. Kwenye insha usitie wino kila kosa. Chagua mtego mmoja unaofundishwa wiki hiyo, weka alama pembeni ya *mstari* wenye kosa, siyo juu ya neno. Mtoto alitafute mwenyewe. Ukiandika jibu juu ya kosa, kazi umeifanya wewe. Na fimbo kwa kosa la tahajia inazaa mtoto anayeandika maneno mafupi anayoyajua tu. Insha yake itakuwa safi na tupu.

Swali la mwisho kutoka kwangu: aliyefanyiwa haya yote wiki nane na hasogei?

---

silabi_kwa_silabi

Anza na masikio. Simama nyuma yake hatua tatu, nong'ona maneno matano, arudie. Akikosa mengi, au sikio linatoa usaha, au kila mara anageuza kichwa upande mmoja, apelekwe kituo cha afya kabla ya zoezi jingine lolote. Kisha macho: anaisogelea daftari, anaruka mistari akinakili ubaoni? Mhamishe mbele. Vyote viwili vikiwa salama na bado anageuza b na d, anaruka silabi katikati, anaandika neno moja kwa namna tatu kwenye ukurasa mmoja, huenda ana ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika. Huyo apimwe na mwalimu wa elimu maalumu, na wakati mnasubiri apewe maneno mawili kwa wiki badala ya matano, ajibu masomo mengine kwa mdomo ili tahajia isimfelishe Sayansi.

---

Mkondo_B_watoto_94

Asanteni sana. Vizibo naanza kukusanya kesho. Herufi ziandikwe kwa nini zisifutike?

---

Mama_Darasani

Kalamu ya mark pen inafutika kwa jasho la mikono ndani ya wiki. Tumia rangi ya mafuta na kijiti chembamba, au rangi ya kucha. Andika upande wa ndani baada ya kubandua plastiki iliyomo, na gonga meno ya kizibo kwa nyundo yalale, yanakwaruza vidole. Chini ya kila herufi weka kistari, bila hivyo n na u, b na q ya kugeuza, d na p zote zitasomwa kichwa chini. Kila seti iwe na kopo lake lenye namba, na hesabu 50 kabla ya kengele.